Hina Kwenye Pindo la Bibi wa Taa

Inspekta Mutheu aliomba mapazia yafunguliwe yote, kisha akaomba meza.

Bi Habiba mwenyewe aliondoa birika la kahawa na sahani ya kaimati, akapangusa meza kwa kitambaa kikavu. Mpwa wake Nurudin akasaidiana na Konstebo Masila kuinua fremu kubwa iliyokuwa imeegemezwa ukutani, uso wake umegeuzwa nyuma.

"Mbona mmeigeuza?" Mutheu aliuliza.

"Sitaki kumwona," Bi Habiba alisema. "Huyo si yeye."

Hakuna aliyekulia mitaa ya zamani ya Machakos asiyemjua Bibi wa Taa. Lilikuwa bango la matangazo, refu kama mlango, lililochapwa Paris mwaka 1896 ili kuuzia taa za mafuta. Mwanamke mwenye gauni la manjano alikuwa akipanda ngazi zisizoonekana, taa juu mkononi, nywele zake zikichanganyika na mwanga, na chini yake usiku wa buluu tupu. Mzee Habibu, babu wa marehemu mume wa Bi Habiba, alilipata zikiwa zama za misafara ya wafanyabiashara kutoka pwani. Lilikuja limetandazwa juu ya taa ndani ya kreti, ili alibandike nje ya duka lake. Hakulibandika. Alisema mwanamke mzuri namna ile hanyeshewi mvua. Akamtundika sebuleni, na huko akakaa vizazi vyote. Kila bi harusi wa ukoo alipigwa picha mbele yake.

Sasa mambo yalikuwa yameharibika. Mji ulikuwa unaandaa maonyesho ya vitu vya kale, na waandaaji walimtuma mtaalamu wa sanaa kutoka Mlolongo, dada aitwaye Lavender Mutinda, aje kumkagua Bibi wa Taa. Lavender alitazama kwa lenzi, akatikisa kichwa, akasema ni bandia. Akaomba alichukue bango akalifungue ofisini kwake, alipige picha na kuandika ripoti. Alipolirudisha, ripoti ilisema limechapwa mwaka huu huu. Nurudin akakimbilia polisi. Kwa kuwa bango lilikuwa limekaa kwa Muema, fundi wa fremu kutoka Kola, wakati fremu ya zamani iliyoliwa na mchwa ilipokuwa ikibadilishwa, Muema alikamatwa. Leo mchana angepelekwa kortini.

Asubuhi mkuu wa upelelezi alikuwa amemrushia Mutheu faili mezani. "Malizia tu. Kesi imeiva."

Mutheu hakuwa mtu wa kula kitu kwa kuambiwa kimeiva. Alitaka kukigusa mwenyewe.

Masila alikata tepu ya nyuma, akatoa misumari na kioo. Mutheu alichukua kioo chake cha kukuzia, akainama mpaka pua ikakaribia karatasi. Vitone. Buluu, waridi, manjano, vyeusi, vidogo kama unga uliopepetwa. Vilijaa kwenye gauni, vikajaa kwenye usiku. Alihamia pembeni, mahali ambapo pangekuwa na karatasi kuukuu tu bila picha yoyote. Vitone pia.

"Hata uzee umechapwa," alisema.

"Inspekta, tunajua ni bandia," Nurudin alisema. Alikuwa amevaa kanzu safi, na jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo. "Yule dada alishatuambia. Sisi tunataka kujua Muema ameipeleka wapi ya kweli."

"Wewe ulitaka iuzwe."

Bi Habiba alitazama mkeka.

"Nani amekwambia?"

"Ulikuwa unapiga kelele mpaka majirani wakasikia. Umewahi kuipiga picha?"

"Mara nyingi. Nani hajaipiga?"

"Nipe simu."

Alimpa. Mutheu alipitia picha moja baada ya nyingine. Alikuwa amekuja akiwa na hamu na simu hiyo. Kijana anayetaka kuuza kitu na aliyekipiga picha ni mtu wa kuangaliwa mara mbili. Lakini kila picha ilikuwa na mstari mweupe uliokata uso wa Bibi wa Taa, mwanga wa dirisha ukigonga kioo. Alilinganisha na bango lililokuwa mezani. Halikuwa na mng'ao hata chembe. Nywele zilionekana unywele mmoja mmoja.

"Haikupigwa na simu hii," alisema akimrudishia. "Wala haikupigwa kupitia kioo. Aliyefanya hii alikuwa na kamera ya maana, na karatasi ilikuwa wazi mbele yake."

"Si ndiyo hivyo? Muema alikuwa nayo wazi huko kwake!"

Lilikuwa jibu zuri, na Mutheu alilikubali moyoni. Aliinama tena. Alishuka na kioo chake kutoka kwenye taa hadi mkononi, kiunoni, hadi pindo la gauni karibu na kiatu. Hapo palikuwa na doa la rangi ya kutu, mviringo mrefu, dogo kuliko punje ya haragwe. Alidhani ni ua la gauni. Kisha akaona mistari, mistari myembamba iliyozungukana.

"Bi Habiba, njoo uone. Hii ni nini?"

Mama huyo alivaa miwani, akatazama, akajipiga kofi mdomoni.

"Yarabi! Hicho ni kidole changu."

"Kidole chako?"

"Hina, mwanangu. Siku ya hina ya mjukuu wangu Nuha. Nyumba imejaa wanawake, ngoma zinapigwa, mara Muema huyo na vijana wawili wanamleta Bibi amelazwa juu ya ubao, amefunikwa shuka nyeupe kama mzazi. Akamtengenezea fremu papa hapa, kwenye meza hii. Kabla hajaweka kioo nikamsogelea. Mimi tangu niletwe nyumba hii sijawahi kumwona bila kioo! Nikamshika pindo hivi. Nimesahau kidole kina hina mbichi." Alicheka, kisha machozi yakamjaa. "Muema alishtuka. Nikamwambia nyamaza, funika kioo, nani ataona?"

Nurudin alimkodolea shangazi yake macho. "Hukuniambia."

"Ungenitapikia maneno wiki nzima."

Mutheu hakuwa akiwasikia tena. Alikuwa amerudi kwenye lile doa, kioo cha kukuzia kikiwa juu yake. Waridi na manjano, waridi na manjano, na vyeusi vichache katikati.

"Mama, hebu sikia," alisema polepole. "Hina ya kidole chako ingelowa ndani ya karatasi. Hii haikulowa. Hii nayo imechapwa."

"Maana yake nini?"

"Baada ya Muema kuweka kioo, kuna mtu mwingine aliyekitoa hapa nyumbani?"

"Hakuna," Nurudin alijibu. "Muema alipiga tepu nyuma kote. Ikakaa vile vile mpaka Lavender alipokuja."

"Alipoitazama kwa lenzi, alitoa kioo?"

"Hapana. Alitazama juu juu tu, akasema ameona."

"Masila," Mutheu alisema akifunga mkoba wake. "Gari."

*

Muema aliletwa kutoka seli akiwa amejikunyata. Alikuwa mtu mkubwa, mwenye viganja vyenye sugu, na sauti ndogo kuliko mwili wake.

"Madam, nimesema yote. Mimi sijaiba kitu ya mtu."

"Sijakuuliza kama umeiba. Nataka kujua habari za kioo. Uliweka kioo wapi, kwako Kola ama kwa Bi Habiba?"

"Kwa mama. Kioo kubwa hivyo nikiibeba kwa ile barabara ingevunjika. Nilibeba picha pekee yake, fremu pekee yake, kioo pekee yake. Nikaunganisha huko."

"Kabla ya kuweka, kuna kitu kilitokea?"

Muema alitazama sakafu. "Mama alisema nisiseme."

"Ameshasema mwenyewe."

"Aiee." Aliachia pumzi kubwa. "Basi ni ile hina. Aligusa chini hapa, karibu na kiatu. Nilisikia vibaya kama ni mimi nimechomwa. Lakini ni picha yake, nitafanya nini? Nikaweka kioo, nikapiga misumari, nikaweka tepu. Wamama wote wakaona. Hata walinipa pilau."

"Baada ya hapo ulirudi?"

"Sijarudi. Tulikuwa tunavuna mbaazi. Nilishtukia tu polisi wako kwa shamba."

"Mtu akitaka kuitoa?"

"Lazima akate tepu, ang'oe misumari. Na arudishie vizuri. Hiyo si kazi ya kuibia watu wakiwa sebuleni."

Mutheu alisimama. "Muema, umeshakula?"

"Sina hamu, madam."

"Kula. Utahitaji nguvu ya kutembea mpaka nyumbani."

*

Masila alikuwa dereva mzuri, lakini alipenda kuelewa mahali anapokimbilia.

"Madam, nisaidie. Tunaenda Mlolongo kufanya nini? Lavender si ni shahidi wetu?"

"Tuanze na hina. Iko kwenye nakala, imechapwa. Kwa hiyo picha ilipigwa kabla ya Bi Habiba kugusa, ama baada?"

"Baada. Kabla ya hapo hina haikuwako."

"Na wakati huo bango liko wapi?"

"Kwa Bi Habiba. Kwa hivyo..." Masila alipunguza mwendo bila kujua. "Kwa hivyo Muema alirudisha ile yenyewe!"

"Sasa ongeza kioo. Nakala haina mng'ao. Aliyepiga picha alikata tepu akatoa kioo baada ya siku ya hina. Nani amekaa na ile fremu peke yake tangu siku hiyo?"

"Lavender. Lakini, madam, huyo dada alisema ni bandia hata kabla hajaibeba."

"Ndiyo."

Walikuwa wameshuka vilima, na mbele yao uwanda wa Athi ulikuwa umefunguka, mkavu na mpana. Ghafla Masila alipiga usukani kwa kiganja.

"Alisema ni bandia ikiwa bado ni ya kweli!"

"Alitangaza wizi kwanza, akaja kuufanya baadaye. Nani atamshuku mtu aliyechukua kitu bandia na kurudisha kitu bandia? Sisi sote tukaanza kutafuta nyuma, kwa Muema. Kumbe mali bado ilikuwa inaning'inia ukutani." Mutheu alijikuta akicheka, kicheko cha mtu aliyeona mlango ukutani. "Ni akili hiyo, Masila. Akili kweli kweli. Kanyaga mafuta."

*

Ofisi ya Lavender ilikuwa kwenye ghorofa ya kupangisha, mbali kidogo na mizani ya malori. Ukutani kulikuwa na mabango ya kila namna, na kwenye kona mashine ya kuchapia yenye upana wa kitanda. Mutheu aliitazama mara moja tu, asiitazame tena.

Lavender alikuwa mwanamke wa miaka arobaini hivi, mwenye aproni na nywele fupi, na furaha ya mtu anayependa kazi yake.

"Karibuni sana. Ripoti yangu haikusomeka?"

"Inasomeka, lakini mimi ni polisi tu," Mutheu alisema. "Nikienda kortini wakili ataniuliza tangazo la taa limekuwaje sanaa, nibaki nimetoa macho. Nifundishe."

Uso wa Lavender uling'aa.

"Kaa hapa, Inspekta. Unajua watu hufikiri sanaa ni kitu cha jumba la kifalme? Sasa fikiria Paris miaka hiyo. Kuta zote za jiji ni kijivu. Halafu wachoraji wanajifunza kuchapa kwa jiwe. Unachora juu ya jiwe lenyewe, kwa kalamu ya mafuta, jiwe moja kwa kila rangi. Jiwe la manjano, jiwe la nyekundu, jiwe la buluu. Unazipandisha moja juu ya nyingine. Ukitaka ukungu, unachukua brashi unanyunyiza wino, tap tap tap. Asubuhi mfagiaji barabara anaamka anakuta ukutani mwanamke mrefu kama mlango, anacheka, anamuuzia biskuti! Wachoraji wakubwa wakaacha kudharau. Watu wakaanza kusema barabara ndiyo maonyesho ya maskini, na hayana kiingilio."

"Na watu wakaanza kuyataka majumbani."

"Kama wazimu! Walikuwa wanawahonga wabandikaji. Wengine walitoka na sponji yenye maji, wanalowanisha ukuta, wanabandua. Mengi yaliraruka. Ndiyo maana lile ambalo halikuwahi kuguswa na gundi ni..." Alitafuta neno. "Ni kama kukutana na mtu wa enzi zile, yuko hai, na bado ni kijana."

"Kwa hiyo ukilipata unalihifadhije? Unaviringisha?"

"Usithubutu! Karatasi ya wakati huo ni ya rahisi, ilitengenezwa ikae wiki chache tu kwenye mvua. Ukiviringisha itavunjika kama chapati iliyokauka. Ni kulaza tu. Ilale bapa, juu ya kitu laini."

Masila aliandika. Mutheu aliitikia kwa kichwa kama mwanafunzi mwema.

"Sasa, siku ile ya kwanza sebuleni kwa Bi Habiba. Ulitazama kwa lenzi, kioo kikiwa bado kimewekwa. Uliona nini?"

"Vitone vya mashine. Rangi nne."

"Kila mahali?"

"Kila mahali."

"Hata kwenye lile doa la pindoni, karibu na kiatu?"

Lavender hakusita hata kidogo. "Hata hapo. Doa ni sehemu ya uchapaji, liko kwenye nakala kama lilivyokuwa kwenye asili. Nimeandika kwenye ripoti."

"Lilikuwa kwenye asili tangu Paris?"

"Bila shaka. Wino wa jiwe la nyekundu umedondoka. Mambo ya kawaida."

Mutheu aliinuka, akaenda kusimama kati yake na mlango.

"Dada Lavender, lile doa ni hina. Bi Habiba aliligusa bango sebuleni kwake mwezi uliopita, nyumba nzima ikiona. Ukiniambia siku ile uliona hina iliyochapwa, niambie nani alikuwa ameipiga picha, lini, na kioo kikiwa wapi."

Kalamu ya Masila ilisimama. Kutoka barabarani ilisikika honi ya lori, ndefu. Lavender akatabasamu, lakini tabasamu lilishika upande mmoja tu.

"Hamna kitu hapa. Pekueni."

Walipekua. Kulikuwa na mirija ya karatasi ngumu kabatini, chini ya meza, juu ya friji. Masila aliifungua kwa haraka, Mutheu akishika kioo chake: vitone, vitone, tangazo la sabuni, vitone, bango la tamasha la injili, vitone. Lavender aliketi kwenye kiti akiwatazama, mikono imekunjwa, na kila mrija ulipofunguliwa mabega yake yalizidi kulegea.

Ndipo Mutheu alipogundua wanachofanya.

"Wacha hiyo mirija, Masila! Ametuambia mwenyewe haviringishi." Aligeuka. "Kitu bapa. Kirefu kama mlango. Kimetoka hapa leo?"

Mabega ya Lavender yaliruka juu.

Mutheu alitoka kwenye baraza, akainama juu ya ukuta na kumwita mlinzi wa lango kule chini.

"Kaka! Leo umeona wakitoa kitu kama mlango hapa?"

"Ile ya mbao? Ee, madam, imeenda saa hii tu. Si hata nilisaidia kubeba? Wameingiza kwa lori ya magodoro, katikati, polepole kama yai. Imeenda upande wa Nairobi. Dereva alisema anapeleka Kampala."

"Rangi gani?"

"Buluu. Lakini haijafika mbali, iko kwa laini ya mizani."

*

Malori yalikuwa yamepanga foleni mpaka macho yakachoka. Masila aliegesha kwenye vumbi, Lavender akiwa na pingu kiti cha nyuma, na Mutheu akaanza kukimbia kandokando ya magurudumu, akipita wauza mahindi na wauza maji, akipita madereva waliokuwa wameshuka kunyoosha miguu. Lori la saruji. Lori la mitungi ya gesi. La buluu! Lilikuwa na ng'ombe. Aliendelea. Mbele kabisa, lori jingine la buluu lilikuwa limeshapanda mizani, na magodoro yalikuwa yamefungwa juu yake kama mlima wa mikate. Lilianza kuteremka. Taa ya kuliruhusu kupita ikawaka kijani.

"Simama! Polisi! Simamisha hiyo!"

Hakuna aliyemsikia. Alichofanya, na baadaye Masila alikisimulia kituo kizima, ni kumpita askari wa mizani na kwenda kusimama katikati ya njia, kitambulisho juu, uso kwa uso na bampa. Breki zilipiga kelele. Lori lilisimama karibu mno. Mutheu aliona wadudu waliokufa kwenye vyuma vya mbele.

Dereva alishuka. "Madam unataka kunifunga bure? Nimekosa nini?"

"Hujakosa. Umepewa mzigo wa mbao."

"Ni wa mama mmoja hapa Mlolongo. Aliniambia ni picha ya harusi, nimpelekee mtu. Sijui kingine, naapa."

Walilegeza kamba. Madereva wengine walikuja kusaidia bila kuombwa, kwa sababu foleni ilikuwa imesimama na kila mtu alitaka kujua kuna nini. Godoro baada ya godoro lilishushwa, likapokelewa kwa mikono, mpaka sanduku bapa la mbao likatokea, limelala katikati kama mgonjwa.

"Polepole!" sauti ilipiga kelele. Ilikuwa ya Lavender, amefungwa pingu ndani ya gari la polisi ambalo Masila alikuwa amelisogeza karibu, kichwa nje ya dirisha. "Msiliinamishe! Pande zote mbili pamoja! Na msilifungulie juani, jamani, wekeni kivuli!"

Mutheu alimtazama, akawaambia wafanye kama alivyosema. Walilaza sanduku juu ya magodoro mawili kwenye kivuli cha lori. Masila akang'oa kifuniko, akaondoa karatasi nyeupe laini.

Kelele zote zilikatika. Hata muuza mahindi aliacha kupepea jiko lake.

Ile nakala ya Machakos, Mutheu alielewa sasa, ilikuwa maiti. Huyu alikuwa anapanda ngazi. Manjano ya gauni lake yalikuwa mazito, yamekaa juu ya karatasi kama siagi, na mahali yalipokutana na buluu kulikuwa na kijani ambacho hakuna aliyekiweka kwa makusudi. Mutheu alipiga magoti, akashusha kioo. Hakukuwa na vitone vilivyopangwa. Kulikuwa na chembechembe za kalamu iliyopita juu ya jiwe, na ukungu wa mwanga ulikuwa matone ya brashi, makubwa kwa madogo, kila moja limeanguka lilipotaka. Mtu alisimama miaka mia na zaidi iliyopita akanyunyiza wino, tap tap tap. Karibu na kiatu, hina ilikuwa imezama ndani ya karatasi, nyekundu iliyoiva.

"Ni yeye?" Masila alinong'ona.

"Ni yeye."

"Anauza nini huyu mama?" dereva mmoja aliuliza nyuma yao.

"Taa."

"Mimi ningenunua."

Watu wakacheka, na Mutheu naye akacheka, magoti yake yakiwa vumbini, moyo unamdunda kama amepanda mlima. Kisha alisimama, akaenda kwenye gari.

Lavender alikuwa analia bila sauti. "Limekaa limefungiwa sebuleni," alisema. "Watu wanaolijua duniani wangesafiri kuja kuliona. Pale linaangaliwa na wageni wakila biriani."

"Waliokuwa wakila biriani walikuwa wanalipenda," Mutheu alisema. "Na Muema yuko seli."

Lavender aliinua uso kana kwamba jina hilo ni geni. Ilionekana hakuwa amewahi kumfikiria.

*

Mutheu alimpigia kiongozi wa mashtaka akiwa njiani, akampigia mkuu wake, kisha akampigia Bi Habiba, ambaye alipiga vigelegele mpaka simu ikakoroma. Walipofika kituoni Machakos, gari la kupeleka mahabusu kortini lilikuwa limeshaondoka. Muema hakuwa ndani yake. Jina lake lilikuwa limefutwa kwenye orodha.

Bi Habiba alikuwa amefika kabla yao. Hakutaka hata kuliona sanduku kwanza.

"Yuko wapi mtoto wa watu?"

Muema alitolewa. Alisimama mlangoni akikunja macho kwa mwanga, miguu mitupu juu ya saruji, suruali ameishika kwa mkono mmoja kwa sababu mshipi ulikuwa umechukuliwa. Bi Habiba alimwendea moja kwa moja akamshika mkono ule mwingine kwa mikono yake yote miwili.

"Nisamehe, mwanangu. Mimi ndiye niliyekwambia unyamaze."

"Hapana, mama. Imeisha."

Nurudin alikuwa amebaki nyuma, karibu na kaunta. Yeye ndiye aliyewaonyesha polisi njia ya Kola. Ndiye aliyesimama kati ya mbaazi akanyoosha kidole, watoto wa Muema wakitazama. Askari wa kaunta aliweka mezani mali ya Muema: mshipi, simu, na viatu vya ngozi vilivyopasuka pembeni.

Kabla Muema hajafika, Nurudin alivichukua vile viatu. Alikwenda navyo mpaka mbele ya fundi, akaviweka chini vizuri, kimoja kando ya kingine. Kisha akapiga magoti na kanzu yake safi kwenye sakafu ya kituo, akaanza kulegeza kamba.

"Wacha, Nurudin," Muema alisema kwa aibu, akirudi nyuma. "Amka. Watu wanaona."

"Wacha waone," Nurudin alisema bila kuinua kichwa. "Na kule Kola waliona. Lete mguu."